Joka la Atlanta: Kadi Dhaifu Iliyowasha Ugomvi wa Miaka Thelathini

Septemba 28, 2023, Jumba la Makumbusho la Van Gogh mjini Amsterdam lilifungua maonyesho ya pamoja na Pokémon, katika shamrashamra za jumba hilo kutimiza miaka 50. Mgeni aliyekamilisha shughuli ndogo ya kutafuta majibu ndani ya ukumbi alipewa kadi ya bure: Pikachu amevaa kofia ya kijivu, kwa mfano wa picha ambayo Van Gogh alijichora mwenyewe mwaka 1887. Siku ya kwanza tu watu waliparamia duka la jumba hilo, rafu zikabaki tupu, na muda si mrefu bidhaa zile zile zikawa zinauzwa mtandaoni kwa bei ya kuruka. Wiki chache baadaye uongozi ulisitisha kugawa kadi hiyo, ukitaja usalama wa wageni na wafanyakazi.

Lawama zote ziliwaangukia walanguzi, na walistahili. Lakini lawama ikiishia kwao, aliyeamua kadi itolewe mlango mmoja tu, kwa watu waliofika mji mmoja tu, anaondoka bila kuulizwa. Mashabiki wa mchezo mwingine wa kadi waliwahi kumuuliza mtu kama huyo, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, kutokana na kongamano moja la Atlanta, Marekani. Wakajibiwa vizuri kuliko wanavyojibiwa wenzao wa leo.

Mchezo wa kupitishia muda

Mwaka 1991 Richard Garfield, mwanafunzi wa udaktari wa hisabati, alimpelekea Peter Adkison mchezo wa ubaoni alioubuni. Adkison, mwenye kampuni changa ya Wizards of the Coast karibu na Seattle, hakuwa na fedha za kuutengeneza. Alitaka kitu chepesi zaidi: mchezo wa haraka, unaobebeka, ambao mashabiki wangeucheza kwenye makongamano wakati wanasubiri mambo mengine yaanze. Garfield alirudi na Magic: The Gathering. Ndivyo ilivyo kwamba mchezo uliobuniwa kupunguza uchovu wa kusubiri ulikuja kuzaa foleni zake wenyewe.

Mchezaji hununua pakiti iliyofungwa bila kujua ndani kuna nini, kisha hubadilishana na wenzake mpaka afikishe fungu la kadi analolitaka. Kila kadi ina kanuni yake iliyoandikwa chini ya picha, na kanuni hiyo ndiyo inayotawala mezani. Hapo Magic ilitofautiana na kadi za besiboli ambazo Wamarekani walizikusanya tangu karne ya 19. Asiye na kadi ya Honus Wagner, mchezaji mashuhuri wa mwanzo wa karne ya 20, anakosa fahari tu. Asiye na kadi fulani ya Magic anaweza kushindwa mchezo na mtu ambaye hamzidi akili.

Agosti 1993 mchezo uliuzwa kwenye kongamano la Gen Con mjini Milwaukee. Toleo la kwanza, Alpha, lilikuwa na kadi zipatazo milioni 2.6, na kila kadi adimu ndani yake ilichapwa nakala takriban 1,100. Likaisha ndani ya wiki chache. Beta, lenye kadi milioni 7.3, likafuata njia hiyo hiyo. Garfield alidhani kila mtu angenunua pakiti chache, na kwamba kadi kali zingebaki kuwa siri za kugunduliwa mezani. Watu wakanunua kwa maboksi. Desemba likaja Arabian Nights, lililoazima majini, masultani na masoko ya Baghdad kutoka Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo msomaji wa Kiswahili amekua nazo. Nalo likaisha. Juni 1994, toleo la Legends lilipofika madukani kwa mafungu madogo, wauzaji wengi hawakuona aibu kupandisha bei kupita ile iliyopangwa.

Mtanzania aliyepanga foleni ya sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980 hahitaji kufundishwa somo hili. Bidhaa ikiwa haba na bei rasmi ikiwa chini ya thamani yake mtaani, lazima atokee mtu wa kuingia katikati. Tofauti ni kwamba sukari ilikuwa haba kwa sababu viwanda na fedha za kigeni vilikuwa vimeyumba, wakati karatasi na wino vya Magic vilikuwepo, na aliyeamua kadi zichapwe ngapi alikuwa na ofisi na simu.

Julai ya Atlanta

Katika hali hiyo ndipo Dragon Con ilipofanyika Julai 1994. Kongamano hilo, lililoanzishwa Atlanta mwaka 1987, lilikwisha kuwa kubwa kwa wapenzi wa hadithi za kubuni, sayansi na mazimwi. Wizards waliliandalia zawadi: kadi ya joka jekundu, Nalathni Dragon, iliyochorwa na Michael Whelan, msanii mwenye tuzo nyingi za Hugo. Hii ndiyo inayotambuliwa kuwa kadi ya kwanza ya matangazo katika historia ya Magic. Ilitolewa kwa waliohudhuria. Haikuwemo katika pakiti yoyote, wala haikupangwa kuwemo.

Tuseme ukweli: joka lenyewe lilikuwa dhaifu. Liliruka, lakini lilikuwa na nguvu 1 na uhai 1. Ulilipa nguvu za moto kuliongezea makali, na ukizidi kipimo, yaani mara nne au zaidi katika zamu moja, lilikufa mwisho wa zamu. Kwa gharama ile ile ungeweza kuingiza mezani Dragon Whelp, joka changa lililokuwepo tangu Alpha, lenye nguvu 2, uhai 3 na hatari ile ile ya kujichoma. Kilichoongezwa kwa lile la Atlanta ni uwezo wa kujiunga na wenzake kama kikosi, kanuni ambayo hata wachezaji wazoefu walipata tabu kuieleza. Hakuna aliyeshindwa mashindano kwa kulikosa.

Hata hivyo malalamiko yalikuwa makali, na ukiyapima leo utaona hayakuhusu nguvu za joka. Hadi siku ile mchezo ulikuwa na ahadi isiyoandikwa: kadi yoyote, hata iwe adimu vipi, ilikuwemo ndani ya pakiti fulani, na pakiti zilikwenda madukani. Bahati ingeweza kukunyima, mfuko ungeweza kukunyima, lakini mlango ulikuwa wazi. Nalathni Dragon ilifunga mlango. Ili uipate ulipaswa kuwa Atlanta wikiendi fulani ya Julai, na aliyekuwa mbali alibakiwa na njia moja tu: kununua kutoka kwa aliyekuwepo, kwa bei atakayoitaja yeye. Kitu kilichotolewa bure kikapata bei kabla hakijapata kazi mezani.

Hoja ya upande wa pili ilikuwepo, na si ya kupuuzwa. Waliofika Atlanta walilipa nauli, hoteli na kiingilio. Kila tamasha hutoa kumbukumbu kwa wageni wake, na fulana ya tamasha haidaiwi na aliyebaki nyumbani. Sawa. Ila fulana haichezwi. Pia kulikuwa na suala la kesho: leo ni joka dhaifu, je, kongamano lijalo likipewa kadi yenye nguvu, mashindano yataamuliwa na nauli?

Mark Rosewater, ambaye mwaka huo alikuwa akitunga mafumbo kwa ajili ya The Duelist, jarida la Wizards, na ambaye kwa zaidi ya miaka 20 sasa ni mbunifu mkuu wa mchezo huo, ndiye msimulizi hodari wa enzi zile. Katika simulizi zake makosa ya mwanzo huwa ni shule ambayo kampuni ilisoma ikafaulu. Ni mtu wa ndani, na msomaji amsikilize akilijua hilo. Lakini kwa joka la Atlanta matendo yanamuunga mkono. Kampuni iliomba radhi, kisha ikachapa kadi hiyo tena na kuiingiza katika toleo la tatu la The Duelist, lililotoka msimu wa vuli wa mwaka huo huo. Aliyenunua jarida alilipata joka.

Aliyekwenda Atlanta hakunyang'anywa kitu. Alibaki na kadi yake na sifa ya kuwa wa kwanza. Kilichopotea ni ukiritimba wake tu. Mlanguzi hakupigwa marufuku wala kusakwa, ila alinyimwa uhaba, na bila uhaba hana biashara. Mpaka leo Nalathni Dragon hununuliwa kwa dola chache. Zawadi zilizofuata zilionyesha kuwa somo limeingia: kadi tano zilizoambatanishwa na riwaya za Magic za HarperPrism hazikuhitaji safari ya kongamano. Msomaji alikata kuponi kitabuni, akaituma kwa posta, akaletewa kadi. Mojawapo, Mana Crypt, ni kati ya kadi zenye nguvu kubwa kuliko zote zilizowahi kuchapwa. Hebu fikiria kama hiyo ndiyo ingegawiwa Atlanta.

Kilio cha upande wa pili

Mwaka uliofuata kampuni ilipigiwa kelele na watu wengine kabisa. Toleo la Chronicles la 1995 lilichapa upya kadi nyingi za miaka ya nyuma, wachezaji wakafurahi, lakini wakusanyaji na wafanyabiashara waliokuwa wameweka akiba yao ndani ya kadi hizo wakaona thamani ikiporomoka. Machi 1996 Wizards ilitangaza orodha ya kadi ambazo hazitachapwa tena kwa matumizi ya mashindano. Black Lotus, moja ya kadi maarufu za Alpha, imo. Orodha hiyo ipo hadi leo, ingawa Rosewater mwenyewe hajaficha kwamba haipendi.

Ahadi mbili, basi, zilizaliwa ndani ya miaka miwili. Kwa mchezaji: hakuna kadi utakayofungiwa mlango. Kwa mwenye akiba: hatutaishusha bei ya mali yako. Ya pili iliandikwa na inalindwa kama amana. Ya kwanza haikuandikwa, na yaliyoipata ni haya.

Kuanzia 2013 Comic-Con ya San Diego iliuza seti za kadi zenye michoro myeusi, zikilanguliwa kila mwaka, ingawa angalau kanuni zake zilipatikana katika kadi za kawaida. Mwaka 2018 Nexus of Fate haikuwekwa katika pakiti. Ilikuwa zawadi ya kununua boksi zima, na ikawa silaha ya mashindano. Oktoba 2020 zikaja kadi za wahusika wa tamthilia ya The Walking Dead, zenye kanuni ambazo hazikuwepo kwingine, zikauzwa kwa siku chache tu. Hasira za 1994 zilirudi karibu neno kwa neno. Safari hii mauzo yalikuwa mazuri mno kwa kampuni kujuta, ikatoa tu utaratibu wa kuchapa baadaye kadi zenye kanuni hizo kwa majina mengine. Novemba 2022, katika kusherehekea miaka 30 ya Magic, pakiti nne za nakala za kadi za mwanzo, zisizoruhusiwa mashindanoni, ziliuzwa dola 999. Na Gen Con ya 2023, sasa mjini Indianapolis, watu walikesha nje wakisubiri Lorcana, mchezo wa kadi za Disney uliotengenezwa na Ravensburger, na waliowahi wakauza kwa faida kubwa.

Waandaaji siku hizi wanaweka kikomo cha idadi kwa mtu mmoja, bahati nasibu, vitambulisho vya kuvaa mkononi. Ni hatua nzuri za kupanga foleni, lakini hazigusi sababu ya foleni. Kadi nzuri kwa macho inaweza kubaki adimu bila kumdhulumu yeyote. Dhahabu pembeni, sahihi ya msanii, tarehe ya tamasha, vyote hivyo ni halali yake aliyefika. Kanuni inayochezwa mezani ni jambo lingine, kwa sababu anayeikosa anacheza mchezo pungufu. Kwa hiyo kila kongamano linalotangaza kadi ya namna hiyo litangaze, siku hiyo hiyo, ni lini na wapi asiyehudhuria ataipata kwa bei ya kawaida. Kampuni ambayo wakati ule ilikuwa na umri wa miaka minne tu iliweza kufanya hivyo ndani ya miezi michache. Leo imo mikononi mwa Hasbro, moja ya kampuni kubwa za michezo duniani, na haina kisingizio.