Shashi za theatre na vitu vya Python

Niko huku Uholanzi. Baridi imeanza tena, mie nalala na soksi mbili mbili. Juzi mdogo wangu kanipigia simu analia: programu yake, Python iliyochanganywa na lugha ya C, inakula kumbukumbu ya kompyuta mpaka mashine inaganda, na chuoni wanaitaka Ijumaa. Nikamwambia, mie muuguzi wa chumba cha upasuaji, najua nini?

Kumbe Python yenyewe imezaliwa hukuhuku. Guido van Rossum alianza kuiandika Desemba 1989 akiwa kwenye taasisi ya CWI, Amsterdam, akaitoa Februari 1991. (Jina si la chatu, ni la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python.) Kabla yake aliwahi kushiriki kutengeneza lugha ya ABC, nzuri kwa wanaoanza ila ngumu kuiongezea kitu. Basi Python akaiachia mlango: mtu wa C anaingia na kushika orodha, kamusi na maneno ya Python kwa mkono wake. Kwa mlango huo Jim Hugunin aliiletea Numeric mwaka 1995, ya mahesabu mazito, iliyotangulia NumPy.

Lakini kuna masharti. Kila kitu kina idadi ya wanaokishika. Ikifika sifuri, kinafutwa. Ndani ya Python unahesabiwa, ndani ya C unahesabu mwenyewe. Ukisahau kupunguza, kitu kinabaki kimejaza nafasi. Ukipunguza kupita kiasi, kinafutwa mtu angali anakitumia, programu inaanguka. Na sheria zenyewe si moja! Ukitumia PyList_SetItem, orodha inachukua haki yako ya kushika, wenyewe wanasema "inaiba". Ukitumia PyList_Append haiibi, inajiongezea yake, na yako bado unadaiwa.

Sisi kabla ya kushona mgonjwa tunahesabu shashi wawili wawili, kwa sauti. Usiku mmoja ilipungua moja. Daktari kachoka, anataka kufunga. Nikakataa, miguu inatetemeka. Tuliikuta imekunjwa chini ya shuka.

Nikamwambia mdogo wangu ahesabu hivyohivyo, mstari kwa mstari, kwa sauti. Alhamisi usiku kaniandikia: kila neno alilosoma kwenye faili alilitia kwa Append, akidhani limeibwa. Toleo la 3.12 la mwaka 2023 limeviacha vitu vichache kama None visihesabiwe tena, ila maneno yake hayamo.

Mama, dawa za presha nimempa shangazi, anafika Jumapili.