Mbona Wakanda Hawasemi Kiswahili?

Swali hilo niliulizwa darasani muhula uliopita, na aliyeuliza alikuwa na hasira kidogo. "Prof, Wakanda iko huku kwetu Afrika Mashariki. Hata jina limeanza na wa-, kama Wakamba na Wataita. Iweje mfalme wao aongee lugha ya Afrika Kusini?" Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, maana swali lenyewe ni la haki, na jibu lake ni la zamani kuliko filamu ya Black Panther iliyotoka mwaka wa 2018.

Tuanzie 1966. Katika toleo la Julai mwaka huo la kitabu cha vibonzo cha Fantastic Four, nambari 52, Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, walimbuni T'Challa, mfalme wa nchi ya Afrika isiyowahi kutawaliwa na mkoloni. Mwaka uo huo televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, na ndani yake alikuwamo afisa mweusi aitwaye Uhura, jina lililochongwa kutokana na neno letu uhuru. Nchi nyingi za bara hili zilikuwa zimejitawala juzi tu, na sauti za majina yetu zilikuwa zimeanza kupendeza masikioni mwa watu wa mbali.

Zilipendeza kama sauti, si kama lugha. Yatazame majina haya: T'Challa, T'Chaka, W'Kabi, M'Baku. Kila moja lina ritifaa. Katika Kiswahili ritifaa ina kazi. Iondoe katika ng'oa, utabaki na ngoa, yaani wivu, na hilo ni neno jingine kabisa. Ritifaa ya T'Challa haina kazi ya namna hiyo. Ni pambo, alama ya kumwambia msomaji wa New York kwamba hapa ni ugenini.

Mnamo 1998 mwandishi Christopher Priest, ambaye ni Mmarekani mweusi, aliuanza upya mfululizo wa T'Challa, na majina yakasogea karibu nasi kidogo. Akatokea mzee Zuri. Kumbe ni sisi hao! Lakini -zuri ni shina linalosubiri kiambishi: mtu mzuri, kiti kizuri, maua mazuri. Zuri peke yake ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. (Najua Nairobi imejaa mabinti waitwao Zuri, na sina ugomvi na wazazi wao.) Akaja pia Okoye, mwanamke shujaa anayemlinda mfalme. Okoye ni jina la Kiigbo la mtoto wa kiume aliyezaliwa siku ya soko iitwayo Orie au Oye. Ni kana kwamba tumempa binti jina la Otieno. Nao mji mkuu, Birnin Zana, umeazima Kihausa, kwani birni ni mji.

Miungu nayo ilikusanywa vivyo hivyo. Anayewaongoza Wakanda ni Bast, mungu wa kike wa Misri ya kale mwenye sura ya paka au simba, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa Bubastis kwenye delta ya Mto Nile. Watu wa mlimani, Jabari, katika filamu humtukuza Hanuman, shujaa nyani wa Ramayana ya Wahindi. Anayetafuta visasili vya jamii moja ya Kiafrika hapo atatafuta sana.

Basi Kixhosa kiliingiaje? Kwa mtu mmoja. Katika Captain America: Civil War ya 2016, aliyeigiza mfalme T'Chaka ni John Kani, mzaliwa wa New Brighton, Port Elizabeth, mwigizaji aliyeshinda tuzo ya Tony mwaka wa 1975. Kani ameeleza kwamba aliwauliza waongozaji kwa nini baba wa Kiafrika aongee na mwanawe kwa Kiingereza. Akapendekeza lugha yake. Chadwick Boseman, aliyeigiza mwana, akajifunza maneno yake, na hapo Wakanda ikapata lugha. Ryan Coogler alipotengeneza Black Panther aliikuta tayari. Hata Lupita Nyong'o wetu ilimbidi ajifunze Kixhosa, na Kikorea juu yake kwa onyesho la Busan.

Tofauti yake na vibonzo ni kubwa. Kixhosa ni lugha ya Kibantu yenye sarufi yake na wazungumzaji mamilioni. Wana umntu na abantu, sisi tuna mtu na watu. Wana amanzi, sisi maji. Nyama yao ni inyama. Hapo viambishi vimerudi mahali pake.

Wala si kweli kwamba lugha za Kenya hazijawahi kuingia Hollywood. Katika Return of the Jedi ya 1983, rubani mmoja mwenye mashavu ya kuning'inia anaongea Gĩkũyũ, kwa sauti ya mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani. Lakini ilitumiwa kama lugha ya kiumbe wa anga za mbali, bila tafsiri yoyote chini ya skrini. Kixhosa cha T'Chaka kilitafsiriwa, kwa sababu kilikuwa na ujumbe wa mfalme kwa mrithi wake.

Nilimweleza mwanafunzi wangu haya yote, kwamba Kiswahili hakikukataliwa. Hakikuwa na mtu wa kukisemea siku hiyo. Hakuridhika. Akataka kujua ingekuwaje kama Kani angekuwa Mswahili. Nikamwambia T'Challa angeanza kwa kumwambia babake "Shikamoo", na mtafsiri angekesha akitafuta Kiingereza chake.