Mbona mtoto hatumngoji?

Juzi kijana mmoja wa timu yetu ya basketi alikosa mipira mingi, wenzake wakamzomea. Hajarudi uwanjani.

Nikawasimulia habari ya Harrison Barnes. Mwaka 2010, kabla hajacheza hata mechi moja ya chuo, waandishi wa Marekani walishamweka kwenye kikosi bora cha taifa. Kabla yake, hakuna wa mwaka wa kwanza aliyewahi kupewa heshima hiyo. Kufika North Carolina, mipira ikagoma kuingia. Watu wakanung'unika. Kocha Roy Williams akaendelea kumpanga. Machi 2011 akawafunga Clemson pointi 40, mikono ni ileile.

Sisi wa kambini tunajua kungoja: mgao, intavyuu, majibu ya safari. Mtoto je, anatushinda? Kesho nampitia kwao.