Rubavu hadi Rusizi kwa baiskeli: Wapi bado kuna vumbi kando ya Ziwa Kivu?

Kilomita 227. Huo ndio urefu wa Congo Nile Trail, njia inayoshuka magharibi mwa Rwanda kutoka Rubavu, ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, hadi Rusizi kusini. Kwa miguu hukadiriwa siku 10, kwa baiskeli siku 5.

Ila kwa wapenzi wa barabara za changarawe kuna jambo la kujua mapema: barabara kuu inayounganisha Rubavu, Karongi na Rusizi sasa ni ya lami. Ukifuata mstari wa ramani bila kuuliza, unaweza kujikuta ukishindana na mabasi kwa siku nzima. Vumbi lipo, tena jingi, ila lazima ujue limebaki wapi.

Jina lilitoka wapi?

Njia imepewa jina la safu ya milima inayogawa maji. Mvua inayonyesha upande wa mashariki huenda Mto Nile. Ya magharibi huingia Kivu, ikapita Mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, na mwisho kufika Mto Congo.

Ziwa lenyewe liko takribani mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa si ya joto kali, lakini tambarare ni chache mno. Kila ghuba ina mteremko wa kuingia na kilima cha kutokea.

Rubavu–Karongi: hapa ndipo penyewe

Hiki ndicho kipande kinachopendwa zaidi na wa baiskeli. Njia ya udongo na mawe inakaa karibu na maji, mbali na lami inayopita juu milimani. Anayeelekea kusini ziwa liko mkono wake wa kulia, na kushoto kuna migomba, kahawa na nyumba za wakulima.

Wengi hulala Kinunu, kwenye vituo vya kuoshea kahawa. Vijijini chakula ni cha kawaida: ndizi, maharage, viazi na sambaza, samaki wadogo waliopandikizwa Kivu kutoka Tanganyika katika karne iliyopita. Wavuvi huwatafuta usiku kwa taa, wakitumia mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu.

Mwenye mazoezi anaweza kufika Karongi kwa siku 2. Siku 3 zinampa mtu nafasi ya kupumua.

Kumbuka pia kwamba njia hii si ya watalii peke yao. Wenyeji hubeba ndizi, mkaa na maziwa kwa baiskeli nzito zisizo na gia. Anayesukuma mzigo kupanda kilima apishwe kwanza.

Karongi–Rusizi: lami, chai na msitu

Kusini lami imetawala. Anayetaka changarawe hana budi kuacha barabara kuu na kupanda milimani, kwa mfano kuelekea mashamba ya chai ya Gisovu, zaidi ya mita 2,000 juu. Huko ndiko ukingo wa msitu wa Nyungwe unapoanza.

Nyungwe una ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Ni makazi ya sokwe na mbega, na mwaka 2023 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Barabara kuu ya Huye–Rusizi inayoukata ni ya lami. Njia za ndani ni za hifadhi, hivyo kibali kinahitajika.

Gishwati: msitu ulioponea chupuchupu

Kaskazini, juu ya Rutsiro, kuna barabara za vumbi zinazopanda hadi Gishwati. Miaka ya 1970 msitu huu ulikuwa na takribani hekta 28,000. Ukafyekwa kwa ajili ya malisho, mashamba na makazi ya watu waliorejea baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama hekta 600 tu.

Leo miti imepandwa upya, na mabaki yake ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura.

Mvua si ya kuchezea

Milima hii ni mikali, na udongo uliopoteza miti huporomoka haraka. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Rutsiro, Rubavu na Karongi ni miongoni mwa wilaya zilizoumia.

Kwa hiyo Machi hadi Mei si msimu wa kujaribu. Juni hadi Agosti ndiyo salama zaidi. Hata wakati huo, uliza wenyeji kila asubuhi kama daraja la mbele bado lipo.

Kabla ya kufunga mizigo

• Majina: Wengi bado husema Gisenyi (Rubavu), Kibuye (Karongi) na Cyangugu (Rusizi).

• Mpaka: Wakenya na Waganda huingia kwa kitambulisho cha taifa, Watanzania kwa pasipoti. Rubavu inapakana na Goma, mji ulioingiwa na waasi wa M23 Januari 2025, hivyo fuatilia hali kabla ya kuondoka.

• Upande wa barabara: Rwanda huendesha kulia. Anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda awe makini, hasa akishatoka kupumzika.

• Jumamosi ya mwisho wa mwezi: Ni siku ya umuganda, kazi za pamoja. Asubuhi hadi saa 5 shughuli nyingi husimama.

• Mifuko ya plastiki: Imepigwa marufuku tangu 2008.

• Baiskeli: Tairi za milimita 40 au zaidi, gia nyepesi na breki imara. Beba tyubu mbili na pedi za breki. Mafundi wa pancha wapo, lakini spea zao ni za baiskeli za kawaida.

• Lugha: Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na miji ya mpakani kinasikika sana. Vijijini ni Kinyarwanda: "muraho" ni salamu, "murakoze" ni asante, na "amazi" ni maji.

• Pesa: Beba noti ndogo. Hela ya chai, chapati na kitanda inayolipwa kijijini inabaki kijijini.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, mpango rahisi ni huu: basi kutoka Kigali hadi Rubavu, siku 3 za vumbi hadi Karongi, kisha basi kurudi Kigali. Kusini na milima yake vinaweza kusubiri safari ya pili.