DNA na asili ya Mswahili: Damu ya baba, ulimi wa mama

Rafiki yangu mmoja, mzawa wa Mombasa aishiye Uingereza, alinunua kipimo cha DNA cha kujifanyia nyumbani. Akatema mate kichupani, akakituma kwa posta, akangoja. Majibu yalipofika, yalitaja Afrika Mashariki, Uajemi, Arabuni na India, kila mahali na asilimia yake. Mwanawe akauliza, "Baba, na Uswahili wetu ni asilimia ngapi?" Kumbe Mswahili hakuwamo kwenye orodha!

Swali hilo si la kitoto. Vipimo hivi hulinganisha vinasaba vya mteja na vya watu walio hai leo, ambao kampuni imekwisha kuwapanga katika makundi. Kundi lisilopangwa halitajwi. Isitoshe, mzazi humrithisha mtoto nusu tu ya vinasaba vyake, na ndugu wa tumbo moja hawapati nusu ileile.

Haya basi, tuwaulize waliolala makaburini. Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wa miji ya pwani kama vile Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800. Mmoja wa viongozi wa utafiti huo ni mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, Chapurukha Kusimba. Ilibainika kwamba Waafrika na Waasia walianza kuchanganya damu kufikia mwaka 1000 hivi. Upande wa Afrika ulitoka hasa kwa akina mama. Upande wa Asia ulitoka hasa kwa wanaume wa Uajemi, na baada ya 1500 damu ya Arabuni ikazidi kuingia.

Matokeo hayo yanazikosoa kambi mbili. Wapo waliodai eti miji yetu ilijengwa na wageni. Lakini Shanga, kisiwani Pate, ilikuwa na wakazi tangu karne ya 8, kabla ya mchanganyiko huo. Wapo pia waliodhani kuwa habari za Washirazi ni ngano tupu za watu waliotaka kujikweza. Kumbe wazee hawakutunga yote.

Sasa itazame lugha. Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro katika tawi la Kibantu liitwalo Sabaki. Mgiriama husema mutu na madzi. Sisi husema mtu na maji. Waajemi walituachia bandari, pamba na dirisha. Hata hivyo, dirisha lilipoingia halikuja na sarufi yake. Lilivishwa wingi wa Kibantu, likawa madirisha, sawa na jina na majina.

Nani aliyelivisha? Kwa maoni yangu, ni wale akina mama. Baba alileta jina la ukoo na bidhaa za jahazini. Mama akamfundisha mtoto kusema. Ndiyo maana hata mwana wa Mtwapa ambaye nusu ya damu yake ilikuwa ya Asia alikulia katika ulimi wa Kibantu.

Kwa hiyo nilimwambia rafiki yangu amjibu mwanawe hivi: Uswahili haumo kichupani. Nikamuuliza pia huyo kijana huzungumza lugha gani nyumbani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kiingereza." Hapo ndipo penye la kuhofia, wala si kwenye asilimia.