Kichocho kisiwani Unguja

Kichocho ni ugonjwa unaosababishwa na minyoo wanaoishi katika mishipa ya damu. Unguja kuna kichocho cha njia ya mkojo, kinacholetwa na *Schistosoma haematobium*. Dalili yake kuu ni kukojoa damu. Mayai hutoka na mkojo, huanguliwa majini, na viluwiluwi huingia mwilini mwa konokono *Bulinus globosus*. Baada ya wiki kadhaa hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kulima mpunga. Konokono huyo hupatikana kaskazini na kati ya kisiwa, pamoja na Kinyasini. Kusini yuko *Bulinus nasutus*, asiyeambukiza huko, ndiyo maana ugonjwa haukuenea kila mahali.

Tiba ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Haiui minyoo wachanga wala haizuii maambukizi mapya, hivyo vyoo na maji ya bomba ni vya lazima. Kampeni ya kutokomeza kichocho Zanzibar, iliyoanza 2011, iliunganisha dawa, uangamizaji wa konokono na elimu. Maambukizi yalipungua sana, lakini hayakukatika.