Kabla ya Kukodi Ndege: Historia ya Swali Lisiloulizwa

Ndege ya kukodi si anasa ya matajiri pekee. Viongozi huipanda kwenda mikoani, wagombea huzunguka nayo wakati wa kampeni, na mara nyingi anayeidhinisha malipo ni ofisa ambaye mwenyewe hatapanda. Ndiyo maana naona ipo haja ya kuitazama historia ya swali moja: je, huyu anayetusafirisha kwa malipo ameruhusiwa na nani?

Mkataba wa Chicago wa 1944 uliweka msingi kwamba ndege za safari za kimataifa ziwe na cheti cha ubora na marubani wawe na leseni. Sheria za nchi nyingi zikatenganisha safari binafsi na safari ya kulipiwa. Anayetoza nauli hubeba masharti mazito zaidi ya matengenezo, mafunzo na usimamizi.

Februari 3, 1959, ndege ndogo iliyokodiwa kumsafirisha mwanamuziki Buddy Holly na wenzake wawili ilianguka usiku huko Iowa, Marekani. Kampuni ilikuwa na kibali, lakini cha kuruka kwa kuona nje tu. Rubani naye hakuwa na sifa ya kuruka kwa kutegemea vyombo, na hali ya hewa ilivitaka vyombo. Kibali kilikuwapo, mipaka yake haikuheshimiwa.

Miaka 60 baadaye, Januari 21, 2019, mwanasoka Emiliano Sala wa Argentina alipanda ndege ya injini moja kutoka Nantes kwenda Cardiff. Ilianguka baharini, yeye na rubani wakafa. Wachunguzi wa Uingereza walibaini kwamba rubani na ndege, vyote viwili, havikuwa na kibali cha safari ya kibiashara. Rubani hakuwa hata na idhini ya kuruka usiku, na yaelekea aliathiriwa na gesi ya sumu kutoka kwenye mfumo wa moshi wa injini. Mwaka 2021 aliyeiandaa safari hiyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Sala hakuiandaa safari ile. Walioiandaa hawakupanda. Hapo ndipo ninapomwona ofisa wetu.

Wapo watakaosema kwamba ukaguzi ni kazi ya mamlaka za usafiri wa anga. Ni kweli, Tanzania na Kenya zinazo. Lakini mamlaka haisimami katika kila kiwanja cha vumbi. Kabla ya kulipa, tudai cheti cha mwendeshaji, si cha dalali; tuthibitishe kwa mamlaka kwamba bado ni halali, kwamba ndege hiyohiyo imo ndani yake, na kwamba rubani ameidhinishwa kwa safari ya aina hiyo. Bei ya chini mno nayo ni swali. Anayesaini kwa niaba ya abiria amebeba roho za watu, hajabeba risiti tu.